Zimeni oveni, Desemba imefika

KUTOKA GHOROFA YA NNE
Na Zuhura Mbaruku

Kuna watu wawili ninaogombana nao kila majira ya joto yanapoingia Johannesburg. Wa kwanza ni yule anayewasha oveni saa kumi na moja jioni ndani ya chumba na sebule, dirisha moja linafunguka na la pili limepakwa rangi likagandia fremu, kisha analalamika kwamba mji huu una joto kuliko Dar es Salaam. Wa pili ni yule anayeapa kwamba nyama na matunda havikai sufuria moja, na anayevichanganya ameiga Wazungu. Leo nawajibu wote wawili kwa chakula kimoja: pilipili hoho zilizojazwa nyama, wali na matunda, zikaiva polepole kwenye chungu cha umeme.

Chungu ninachokisema wengi wenu mnacho. Kina bakuli zito la udongo uliochomwa, kifuniko cha kioo, na swichi ya joto la chini na joto la juu. Mlikinunua Novemba bei zilipopunguzwa, mkakipikia makongoro siku moja, na sasa kinakaa juu ya friji kinatunza mifuko ya plastiki. Jirani yangu, mtu wa Lubumbashi, anakiita chombo cha wavivu. "Mama Zuhura," huniambia, "kupika ni kusimama." Namheshimu kwa mengi, ila sombe yake mwenyewe hukaa jikoni nusu siku, na sijamwona amesimama nayo. Huwa amekaa barazani anasuka nywele za watu.

Kwa tunaokaa Yeoville, chungu hiki kina undugu na mtaa kuliko tunavyodhani. Aliyekibuni ni Irving Naxon, Myahudi wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Kama familia yake inavyosimulia, wazo lilitokana na hadithi za mama yake kuhusu Lithuania. Wayahudi hawawashi moto siku ya Sabato. Ijumaa mchana, kabla jua halijazama, chungu cha nyama, maharage na shayiri kilipelekwa kwa mwoka mikate, kikaingizwa kwenye tanuri lililoanza kupoa. Joto lililobaki lilikipika usiku kucha, na Jumamosi watu wakala chakula cha moto bila mtu kugusa kuni. Chakula hicho ni cholent. Naxon alitafuta namna ya kuliweka tanuri lile mezani kwa waya wa umeme. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza vyungu hivyo kwa jina la Crock-Pot.

Sasa angalieni. Wayahudi wengi wa Afrika Kusini asili yao ni huko huko Lithuania, na kwa miongo mingi Yeoville ilikuwa mmoja wa mitaa yao mikubwa, yenye masinagogi na maduka yao ya mikate, kabla hawajahamia vitongoji vingine nasi wa Lubumbashi, Bukavu, Kinshasa, Dar na Harare tukaingia. Jiko unalopikia leo huenda miaka ya 1950 lililaza cholent kila Ijumaa. Kama kuna mtu alikuwa mvivu mtaani hapa, hakuwa yule mama aliyekwisha kumenya, kukata, kuunga na kufunika kabla magharibi haijaingia.

Na kwetu pwani, nani hajui kupalia? Pilau, biriani, mkate wa kumimina: moto wa chini unapunguzwa, makaa yanapandishwa juu ya mfuniko, mpishi anaenda zake kusuka ukili. Hakuna aliyemwita bibi yake mvivu kwa sababu hiyo. Hata wenyeji wa nchi hii wanalijua jambo hili. Mwaka 2008, mgao wa umeme ulipoanza kuibana Afrika Kusini, Sarah Collins wa KwaZulu-Natal alitengeneza Wonderbag, mfuko mnene wenye vipande vya sponji ndani. Unachemsha sufuria, unaizika humo, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake lenyewe bila umeme wala gesi. Alisema alikumbuka jinsi bibi yake alivyozungushia sufuria mito. Mabibi wa dunia hii walikuwa wameshaelewana zamani.

Tuje kwenye hali ya hewa, maana ndiyo hoja yenyewe. Johannesburg iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mgeni kutoka Mombasa akiona maharage hayaivi huongeza moto. Moto huo haumsaidii kitu: maji yakishachemka hayapandi tena joto, yanakauka tu, na jikoni panageuka hamamu. Kinachoivisha chakula huku ni muda. Ukikubali hivyo, chombo kinachokupa muda bila kukupa joto la ziada ndicho chombo cha mji huu.

Kisha kuna radi. Desemba na Januari asubuhi huanza na jua kali, mchana mawingu yanajikusanya, na ikifika saa tisa au kumi anga linapasuka. Umeme wa mtaa wetu huchagua saa hizo kukatika, mgao uwe umetangazwa au haujatangazwa. Kwa hiyo nawashauri msifanye kama vitabu vya mapishi vya ng'ambo vinavyosema, kuwasha ukienda kazini na kula ukirudi usiku. Washa saa mbili asubuhi Jumamosi ukiwa nyumbani, zima saa saba au saa nane, na mvua ikija chakula kimeshaiva. Umeme ukikatika katikati na wewe upo nyumbani, unaweza kumalizia kwenye jiko la gesi. Ukikatika wewe hupo, ukarudi ukakuta chungu kimepoa na hujui tangu saa ngapi, mwaga. Nyama iliyokaa vuguvugu saa nyingi haina cha kuokolewa.

Kuhusu bili sitawadanganya. Chungu kidogo cha wati 200 kikiwaka saa tano kinakula yuniti moja. Sahani ya jiko la umeme ya wati 1,500 inakula yuniti hiyo hiyo kwa dakika 40. Kwa chakula kinachoiva haraka, chungu hakikuokolei kitu. Akiba inaonekana unapokilinganisha na oveni, ambayo nyingi huvuta wati 2,000 au zaidi, na unapohesabu feni ambayo hukuiwasha kwa sababu nyumba haikugeuka tanuri.

Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Julai 2024 City Power, shirika la umeme la jiji, lilianza kuwatoza wenye mita za malipo ya kabla randi 200 kwa mwezi, bila kuhesabu kodi, hata kama hujawasha taa. Jiji lina hoja yake: nguzo, nyaya na transfoma zina gharama, na wateja wa bili ya mwisho wa mwezi walikuwa wakichangia gharama hizo muda mrefu. Sawa. Lakini ada iliyo sawa kwa mwenye bwawa la kuogelea na kwa mwenye chungu cha wati 200 ilimwadhibu anayebana matumizi. Uliweza kupika kwa akili mwezi mzima na ada ikameza ulichookoa kabla hujanunua yuniti ya kwanza. Wapangaji wa maghorofa ambao mita zao ni za mwenye nyumba wanajua kwamba kuna makato mengine njiani. Kama jiji linataka tutumie umeme kidogo, lipange ada ifuate matumizi.

Haya, nyama na matunda.

Anayesema mchanganyiko huu ni wa kigeni namwomba ashuke barabarani anunue kota. Ni chakula cha Soweto na cha kila kitongoji: robo ya mkate uliokombwa ndani, ukajazwa chipsi, polony, jibini ukitaka, na achari ya embe. Embe na nyama ndani ya mkate mmoja, na mafundi bomba wanakula saa nne asubuhi bila mjadala. Nenda kwenye nyama choma yoyote ya Jumapili, utakuta chupa ya Mrs Ball's, chatini ya pichi na aprikoti, imesimama karibu na boerewors. Bobotie ya Wamalay wa Cape, nyama ya kusaga iliyooka chini ya mayai, ina zabibu kavu na mara nyingi jemu ya aprikoti. Chakula kile ni urithi wa jamii iliyotokana na watumwa walioletwa Cape na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India na Madagaska, na hata pwani ya Afrika Mashariki. Ukikiita cha Kizungu umewadhulumu waliokipika.

Na tusijifanye wageni sisi wenyewe. Biriani ya Unguja isiyo na zabibu kavu bibi harusi ataiuliza maswali. Urojo bila ukwaju au embe mbichi ni uji wa dengu. Mchaga anapika ndizi na nyama chungu kimoja tangu enzi, na hakuna anayemwambia ndizi ni tunda. Kinachotusumbua si tunda kwenye nyama. Kinachotusumbua ni tunda ambalo hatukulizoea. Ukwaju tumeuzoea, aprikoti bado.

Hoho nayo ni tunda lenye sukari yake, ukiinunua vizuri. Nyekundu ni ile ile ya kijani iliyoachwa shambani hadi ikaiva, na ndiyo maana ni tamu zaidi na bei yake iko juu: mkulima ameingoja wiki kadhaa zaidi, akipigana na wadudu na mvua ya mawe. Kwa kujaza matunda nataka nyekundu au ya njano. Ya kijani ina uchungu unaogombana na embe. Wachuuzi wa soko la Yeoville, pale Rockey Street, wengi hupata mzigo wao City Deep, soko kuu la mazao lililohamia huko kutoka Newtown mwaka 1974 na ambalo leo ndilo kubwa la aina yake Afrika. Bei ya pale hupanda na kushuka kila siku kwa kadiri ya malori yaliyoingia alfajiri. Kwa hiyo usimgombeze mama wa genge kwa kuwa jana hoho tatu zilikuwa randi kumi. Msubiri Jumamosi mchana anapotaka kufunga, umwombe zile zenye kovu. Kovu halionekani chakula kikiiva. Unachokataa ni hoho iliyolegea karibu na kikonyo.

Wenye haraka wana njia ya mkato, nayo ni ya nchi hii hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Johan Steenkamp wa Tzaneen, Limpopo, alianzisha biashara ya pilipili ndogo nyekundu ya mviringo, tamu yenye ukali wa mbali, ambayo leo inauzwa nchi nyingi kwa jina la Peppadew. Huja kwenye chupa ikiwa imeshatolewa mbegu, kwenye siki yenye sukari, na watu huijaza jibini wakaila kama ilivyo. Ni nzuri kwa kuanzia mlo. Kwa kushibisha watoto watatu na mjomba aliyekuja bila taarifa, unahitaji hoho kubwa.

Zichukue sita, zilingane urefu. Kata kofia juu uitunze, toa mbegu na utando mweupe. Kama haisimami, nyoa kidogo chini bila kuitoboa. Kaanga kitunguu, thomu na tangawizi, tia nusu kilo ya nyama ya kusaga uikaange mpaka ibadilike rangi na mafuta yatoke, uyamwage. Usitie nyama mbichi ndani ya hoho: katikati panachelewa kupata moto, na mafuta yote yatabaki humo. Tia binzari nyembamba, mdalasini kidogo, chumvi, pilipili manga. Epua, kisha changanya na kikombe kimoja cha mchele uliochemshwa ukabaki na kiini. Mchele ulioiva kabisa utakuwa bokoboko.

Sasa matunda, na hapa napenda kuwa mkali. Embe iwe imeiva nusu, bado ngumu kwenye kisu. Embe iliyoiva sana huyeyuka ikaacha utamu tu, na wewe unataka kipande unachokiuma. Zile Tommy Atkins nyekundu zinazojaa sokoni Desemba, ambazo kwa kuliwa hivi hivi huwa nazidharau kwa nyuzi zake, hapa zinafaa kwa sababu hazivunjiki. Tia aprikoti kavu chache zilizokatwa, zabibu kavu konzi moja, korosho zilizovunjwa, na ganda la limau lililokunwa. Pichi mbichi ni nzuri vilevile, ila imenywe. Ladha lazima iwe na uchachu. Tamu peke yake juu ya nyama inachosha kabla hujamaliza nusu, na hapo ndipo wapinzani wangu hupata ushindi wao.

Nanasi bichi na papai bichi viacheni. Watu wa mishkaki wanajua sababu: tunapaka papai kwenye nyama ngumu kwa kuwa lina kimeng'enya kinachoilainisha, na nanasi lina cha kwake kinachofanya kazi hiyo hiyo. Kwenye kipande cha nyama ya ng'ombe mzee ni baraka. Kwenye nyama iliyokwisha sagwa, chungu kikipanda joto taratibu, kimeng'enya kinapata nafasi ya kuitafuna nyama hadi inakuwa kama chakula cha mtoto. Ukilitaka nanasi, lichemshe kwanza au tumia la kopo, ambalo limeshapikwa.

Jaza hoho bila kushindilia, maana mchele bado utavimba, uzifunike kwa kofia zake. Zipange zimesimama, zibanane zishikane zenyewe. Chini mimina nusu kikombe tu cha nyanya iliyosagwa pamoja na maji ya ukwaju. Nusu kikombe, narudia. Chungu hiki hakipotezi mvuke, na hoho zenyewe zitatoa maji. Anayetia maji kama anapika mchuzi atapata mchuzi. Tandika kitambaa safi chini ya mfuniko kinyonye matone, pembe zake uzikunje juu ya mfuniko zisiguse pembeni penye moto. Joto la chini, saa tano. Na usifunue. Kila ukichungulia joto linatoka, na chungu kinahitaji kama dakika 20 au 30 kulirudisha. Jirani yangu wa Lubumbashi hufunua. Nimeshamwambia, na bado hufunua, na kila mara hutangaza kwamba zingali bado.

Kwa wasiokula nyama, au mwezi ambao nyama haishikiki, tumieni adesi au choroko, zinaiva vizuri humo. Maharage mekundu yana sharti lake: yaliyo mabichi yana sumu ambayo joto la chini la chungu hiki haliiondoi. Yaloweke usiku, umwage maji, uyachemshe kwa moto mkali angalau dakika kumi, na kwa mwinuko huu usihesabu kwa uchoyo, ndipo uyatie. Hili si la kuonjaonja. Maharage yaliyopashwa moto nusunusu yanaweza kukuumiza tumbo kuliko yaliyo mabichi kabisa.

Desemba Johannesburg hubaki tupu. Wenyeji wanaenda Limpopo, Eastern Cape na KwaZulu-Natal, Wazimbabwe wanapanga foleni mpakani Beitbridge, na tunaobaki ni wale ambao nauli au karatasi hazikutosha. Ndio hao ninaopikia, kwa hiyo najua maoni yao. Watu wa Bukavu walitaka pilipili kali ndani. Nikaiweka pembeni, mbichi, imekatwa na chumvi na ndimu, kila mtu achukue yake. Mtanga mmoja aliuliza tui la nazi liko wapi, na nakiri alikuwa na hoja: vijiko viwili ndani ya ule mchuzi wa ukwaju, dakika za mwisho, vinaufanya ukae kwenye wali. Mjomba aliyekuwa akisema nyama na matunda haviendani alikula mbili na kusema haviendani.

Zikibaki, zitieni kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu zitoke chunguni, wali haupendi kulala nje. Kesho yake msizipashe. Chukua robo ya mkate, ukombe ndani, utumbukize hoho nzima ya baridi pamoja na kijiko cha achari, uifunge kwenye karatasi, uende nayo kazini.